Ambia Bwana Yako

Jumatano, 10 Julai 2019

Mbombo, mutoto yangu, alipiga clavier ya kompyuta na mikono yote mbili, sasa hivi tu, kisha akaniangalia kama mukubwa wa bureau. Angalia kitu aliandika:

kkkkkkjjjjj8888,,,,,mmm

Sitaifuta! Njo maneno ya kwanza ya shajara yangu. Na iko na maana kuliko ya mi, juu mi sijue hata nianzie wapi.

Tuanze na jina. Mi ni Huguette, mama Mbombo. Nilisoma mpaka deuxième secondaire, kisha tumbo, kisha ndoa — mama yangu anapenda niseme ndoa kwanza.

Hii kitu niko naandikia, Kabeya bwana yangu njo aliitengeneza. Alisoma informatique kidogo mbele ya kushuka mu carrière, ile mashimo ya cobalt, kuchimba. Sasa carrière ilifungwa. Bei ya cobalt ilianguka, kisha basoda balikuja kufukuza bachimbaji, na ile avenue yetu yenye batu balichimba mpaka chini ya bitanda, baliibomoa yote. Tulitoka na godoro, sufuria, mutoto, na hii ordinateur, kompyuta ya kizee. Kabeya aliibeba njia yote kama mayai. Godoro nilibeba mi!

Tuko Kapata, kwa mama, mu nyumba ya kampuni yenye baba aliachiwa mbele ya kufa. Si mu nyumba yenyewe. Mu annexe, nyuma, fasi mama alikuwa anaweka makala. Nikipiga chafya, inatoka nyeusi.

"Application ya web," Kabeya anaita. Unafungua ku téléphone ao ku ordinateur, ukurasa inakuja. Yulu, siku na tarehe — nilimuambia aweke mu Kiswahili bora, kama ya ku radio. Katikati, kisanduku nyeupe ya kuandika. Chini, bouton: HIFADHI. Basi. Anasema kitu yenye iko na bitu kidogo haiharibike mbio. Nikamuuliza nitaandika nini mule. Akasema, bile byote unanisemesha wakati niko natafuta usingizi.

Aliapa hatasoma.


Alhamisi, 11 Julai 2019

Baridi ya kipwa, wakati ya bila mvua, inauma masikio. Leo nilicheka mpaka machozi.

Kwetu, mwanaume na mama ya bibi yake ni bukwe. Habaangaliane mu uso, habakule pamoja, mama hataje jina ya ule mwanaume hata siku moja. Ni heshima. Muzuri sana — kama kila mutu iko na nyumba yake! Lakini sisi tuko parcelle moja, robinet moja ya maji, choo moja. Kwa hiyo Kabeya anakohoa mbele ya kutoka. Mama akisikia, anavuta kitenge ku uso na kugeukia ukuta. Mutu akipita ku njia ataamini huku kuko kifua kikuu.

Asubuhi balitoka mara moja, ye ku mulango yake, mama ku yake. Kabeya na brosse ku meno. Hapana fasi ya kukimbilia! Akajifunika mu drap, shuka ya mama yenye ilikuwa inakauka ku kamba, akasimama mule kama mufu.

Mama, uso ku ukuta, sauti ya nguvu: "Mbombo, ambia baba yako bukari yake ya kula iko ku dirisha."

Drap ikajibu: "Mbombo, ambia nkambo aksanti mingi."

Mbombo akapiga makofi. Njo kazi yake, mujumbe.


Jumapili, 14 Julai 2019

Kisha misa, Tata Abibu alikuja. Ni mufanya biashara, iko na ma-camion, malori, yenye yanaenda Lubudi na Sandoa. Ye njo aliuzia Kabeya hii ordinateur, sasa anakuja kuiangalia kama mutoto yenye aliachia mu mikono ya batu.

Alipenda ukurasa! Anasema ba-chauffeur yake, benye banaendesha ma-camion, banamutungia bongo, uongo mutupu: pneu ya gari ilipasuka huku, tulilala kule, mama fulani alikufa. Anataka kila mutu aandike siku yake mu téléphone, ye abaki anasoma. Lakini ni mufanya biashara. Akasema: "Kabeya, mwana yangu, sinunue mbuzi yenye ilizaliwa leo. Kama hii kitu haikufe mpaka mwisho wa mwezi, nitaichukua."

Kabeya alimusindikiza, akarudia bila kucheka. Nikamuuliza kuko nini. Kaka yake wa Sandoa alituma habari: shamba iko, mihogo iko, kuja ulime. Kabeya anasema kama machine inakufa, atapanda camion ya Tata Abibu na kuenda. Ye peke yake kwanza. Kisha atatuita.

Niko najua banamuke mingi wenye bwana "atabaita".

Nikamuambia mama hanune juu tuko kwake. Akasema: "Mwanaume mukubwa, bukwe anamulisha ku dirisha kama njiwa!" Alicheka. Mi sikucheka.

Mama naye usiku anakoroma kama train ya Lubudi. Sijue juu ya nini naandika hii, lakini kisanduku ilibaki na fasi.


Jumanne, 16 Julai 2019

Leo masomo! Kabeya ananionyesha namna ya kuendesha. Kuko dirisha nyeusi na maneno nyeupe madogo-madogo. Unaandika neno moja mule, unapiga, ukurasa inaamuka. Dirisha nyeusi ikifungwa, ukurasa inakufa ku téléphone zote. Kila magaribi unachukua kopi ya bitu byote ku clé, ile ndogo ya USB, unaifunga mu kona ya kitenge.

Anwani ya ukurasa ni namba na manukta. Ili nisiisahau, aliiandika na kala, kipande ya makala, ku mulango ya annexe, mukubwa-mukubwa. Inafanana namba ya nyumba ya gavana.

Nilikosea, nilirudilia, ilikubali. Niliruka! Mbombo akaruka pia, akaanguka, akaruka tena.


Ijumaa, 19 Julai 2019

Yesu wangu.

Nilifungua leo, nikakuta maneno yenye si ya mi. Nayaacha namna yalikuwa:

"Huguette ni mama. Hii namba ya ku mulango niliipiga ku téléphone siku ingine hapana mutu anaitika. Leo niliiandika fasi unaandikaka we nikaona habari zako zote. Mi sikoromake. Ambia bwana yako mu nyumba yangu hapana njiwa. Ni mama."

Nilikaa chini ku makala.

Ni kosa yangu! Ile siku Kabeya aliwasha ka-modem ya kuunganisha téléphone, mi mwenyewe nilitia ya mama mule, apokee nyimbo za korali. Na ukurasa ya Kabeya haina mulango. Yeye alifikiri: iko mu parcelle yetu, nani ataingia? Mi nilifikiri: mama hajue kufungua. Mama naye anajua!

Alisoma tumbo mbele ya ndoa. Alisoma drap. Alisoma Sandoa.

Nilimuonyesha Kabeya. Alisoma, akavua kofia. Mu annexe, tuko babili tu, akavua kofia mbele ya ordinateur.


Jumamosi, 20 Julai 2019

Naona maajabu.

Asubuhi Kabeya aliandika, kisha kufikiri sana: "Huguette, ambia mama naomba musamaha kwa neno ya njiwa. Na tôle, ile bati ya yulu ya cuisine, inapenda kuanguka, kama anakubali nitaipigilia."

Mama akajibu: "Huguette ambia bwana yako apigilie. Asipande na bile biatu byake, binateleza."

Mi nilikuwa nafua. Nilisikia tu misumari.

Banaendelea vile siku yote! Ambia mama mboga ya sombe ilikuwa tamu. Ambia bwana yako aseme kweli, chumvi ilipita. Ambia mama, chumvi ilipita kidogo. Ambia bwana yako namna gani nitaandika herufi kubwa, mi ni muzee, macho yangu. Kabeya akaenda mu bitu byake, kisha muda kidogo herufi za ukurasa yote zikakuwa nene kama mihogo.

Na banaikala mu parcelle moja! Kabeya anageukia ukuta ya annexe, mama anageukia ukuta ya cuisine, kila mutu téléphone mu mukono. Mi niko katikati na sabuni, najiita mujumbe, na hapana mutu ananituma fasi.

Lakini shajara yangu ilikuwa korido. Kila mutu anapita mule na biatu.


Jumatatu, 22 Julai 2019

Nilidai mulango, nilipata mulango! Sasa kila mutu iko na jina yake na mot de passe, neno ya siri. Hapa niko naandika, ni mi tu. Kabeya alifunga macho wakati nachagula neno. Mbombo aliona, lakini hatasema.

Kabeya alitaka kufuta ile ukurasa ya pamoja. Mama akakataa, mu maandishi: "Huguette ambia bwana yako asifute. Kila mutu akijifungia, nani atajua kama mwenzake alikula?" Basi ilibaki. Inaitwa Ukurasa ya Bote.

Sasa nilipata kwangu, niseme kweli.

Leo tulirudilia masomo ya dirisha nyeusi. Kabeya ananionyesha mara na mara. Kama courant ya umeme inakatika, fanya hivi. Kama Tata Abibu anauliza, jibu hivi. Kama ka-modem inazimika, anasema, na mi siko —

Na mi siko! Njo nilisikia. Hanifundishe juu nijue. Ananifundisha juu anaenda, hata kama machine inaishi.

Basi mi sijue tena. Nilikosea lile neno. Alinionyesha, nikakosea tena. Nikafunga dirisha nyeusi mu uso yake, nikasema, "Aa, ilienda wapi?" Alicheka pole, akaanza na mwanzo. Iko na uvumilivu, inaniuma ndani. Vidole vyangu vinajua njia yote, navikatalia.

Mwanaume hawezi kuacha machine mu mikono ya bibi mujinga, si vile?


Alhamisi, 25 Julai 2019

Courant ilikatika Kapata yote. Machine haina nguvu ya kukaa peke yake, ni muzee, inashika pumzi kidogo tu. Kabeya aliiwekea mukono yulu kama mutu anapima homa. Ikikufa leo, Tata Abibu atasema mbuzi alikufa.

Nilienda kutafuta jirani mwenye groupe électrogène, ile moteur ya kutoa courant. Hapana essence ya kuiwasha. Narudia — nakuta batterie ya camion ku mulango ya annexe! Ilifunikwa na kitambaa safi, kama chakula ya padri. Ni ile ya mama, yenye baba aliacha. Njo mama anawashia télévision yake ya magaribi, ile feuilleton, hadisi ya bamama benye banalia kila siku. Nilimuona ku robinet, ananawa mikono, mugongo kwetu.

Hakuandika kitu. Kabeya aliunganisha nyaya, machine ikapumua. Kisha akafungua Ukurasa ya Bote, nikasoma yulu ya bega yake:

"Huguette, ambia mama"

Akapiga HIFADHI. Iko vile mpaka sasa, bila kuisha.

Magaribi mama alikaa mbele ya télévision yenye haiwake, na Mbombo ku magoti. Alimuhadithia ile feuilleton ye mwenyewe, na kulia alilia.


Jumapili, 28 Julai 2019

Courant ilirudia. Machine inaishi. Kabeya bado mwalimu, mi bado mujinga. Leo nilimuuliza clé inaingizwa upande gani. Aliniangalia sana. Nilianza kunyonyesha mutoto hata kama hakulia.


Jumatano, 31 Julai 2019

Niandike mbio mbele ya kusahau.

Tata Abibu alikuja, hakusema kama anakuja. Kabeya alikuwa ku soko kushusha magunia ya unga. Nilimuwekea Tata kiti, nikamuambia Kabeya anarudia sasa hivi. Mbombo, malaika yangu, akapanda ku meza kusalimia mugeni, akakaa. Akakaa yulu ya clavier! Dirisha nyeusi ikafungwa. Tata alikuwa na téléphone mu mukono anataka kufungua ukurasa. Hapana. Nyeupe. Hapana kitu.

Akasema pole-pole: "Mama Mbombo, naona kama ilikufa. Na leo njo mwisho wa mwezi."

Nilisimama. Mama alikuwa ku mulango ya cuisine, ananiangalia mi. Kama najua, machine inaishi na Kabeya anakuwa huru kuenda. Kama sijue, Tata anaenda zake, na Kabeya anaenda Sandoa na haya yulu ya umasikini. Njia zote mbili zinaingia mu camion!

Sijue nini iliniingia. Nilitoa Mbombo, nikakaa. Vidole vikaenda vyenyewe, kama mbuzi zenye zilifunguliwa. Neno, piga. Ukurasa ikaamuka, na bitu byote mule, hata chumvi ya sombe. Nikamuonyesha Tata kopi ku clé, namna inafanywa kila magaribi. Nikamuambia hata kama nyumba inaungua, siku za ba-chauffeur yake zitabaki mu kitenge yangu.

Tata alicheka sana. "Kumbe ni we njo unaendesha! Nachukua. Kama iko hapa na inaangaliwa na mama mwenye akili, nachukua kesho."

Akageuka ku kiingilio, njo mi pia nikageuka. Kabeya alikuwa anasimama pale, nyeupe na unga, kichwa mpaka mabega. Sijue alifika wakati gani. Aliona ya kutosha.

Tata alipoenda, Kabeya akasema: "Basi unajua."

"Najua kidogo."

"Tangu?"

Nikaangalia mulango, ile namba ya kala yenye aliandika siku ya masomo ya kwanza.

Hakukasirika. Ingekuwa afazali. Alifuta unga ku uso ya Mbombo — si ku yake — akasema, basi ni muzuri, ataenda bila hofu. Kazi ya Tata itatulisha sisi. Ye hataikala hapa kulishwa na bukwe na sasa na bibi. Camion ya Sandoa inatoka siku ya Posho, Jumamosi. Akisha kupanda mihogo, atatuita.

Atatuita.


Ijumaa, 2 Agosti 2019

Nilimukunjia mashati. Haikuwe mingi. Niliweka sabuni, nikatoa sabuni, nikarudisha sabuni.

Kabeya aliandika ku Ukurasa ya Bote: "Huguette, ambia mama aksanti ya byote. Batterie iko safi. Tôle nilitazama tena, itashika mpaka mvua." Mi ninaonaka ku dirisha nyeusi wakati mutu anafungua. Mama alifungua. Akafungua tena. Akafungua tena. Hakuandika.

Magaribi akaniuliza kitu moja, anachambua sombe, sauti kama anauliza bei: "Ile camion inapitia avenue gani?"

Nikasema yetu. Inakuja kumuchukua ku mulango.

Akasema: "Aha."


Jumamosi, 3 Agosti 2019

Camion iko mbele ya nyumba. Nyekundu, mizigo mpaka mawingu, ba-kijana banafunga bâche, ile turubai ya yulu. Kabeya alimushika Mbombo muda murefu. Alinishika mi pia, mbele ya batu. Halafu nikasema naenda kuangalia kama machine iko muzuri — ni kweli, lakini si juu ya ile nilikuja. Sipende kuona mugongo ya mutu inapanda camion. Napenda kuwa mu annexe na kisanduku yangu.

Machine iko muzuri. Kabeya aliifungulia njia ya internet, na ba-chauffeur babili ba Tata Abibu balisha kuandika asubuhi. Moja anasema pneu ilipasuka. Sawa, tutaona.

Mbombo iko chini ya meza, anakula kala. Nasikia klakson. Nasikia mulango ya cuisine. Mama anapita mbele ya annexe — na hana kitenge ku uso! Iko mu mukono yake, anaiburuta. Anaenda ku njia kabisa, anatembea kama mutu anaenda kukamata mwizi.

Ba-jirani banatoka ku milango.

"Kabeya!"

Ni mama. Mama yangu alisema jina. Kwa sauti, mu avenue!

"Kabeya! Niangalie! Leo situme mutu. Nasema na we! Shuka, kuya tuongee, kisha kama unaenda, enda!"

Moteur ya camion inanguruma tu. Sisikie miguu ya mutu kushuka. Sisikie pia camion kuenda. Mbombo alitoka chini ya meza, mudomo nyeusi, ananiangalia, ye pia anasikiliza.

"Huguette!" Sasa ni mi. "Huguette, leta biti bya kukaa! Bibili! Leta na mutoto!"

Biti bibili. Mama na Kabeya habajakaa pamoja ku biti bibili hata siku moja. Ndiyo mama, nakuja! Nakuja, niache tu nipige HIFADHI, juu kama courant inakatika sasa na sikupiga, hii yote ita